Ndege ya kujijengea inatetemeka au inavuta upande: pa kuanzia

Simu huja siku mbili tatu baada ya ndege kuruka mara ya kwanza. Furaha imetulia, na mjenzi anaanza kueleza: "Imeruka vizuri, ila bawa la kushoto linazama." Au: "Nikifika mizunguko 2,300, miguu inakufa ganzi kwenye pedali." Dosari hizi hujirudia, na chanzo chake mara nyingi ni kidogo na kiko karibu. Taabu ni kwamba mjenzi aliyetumia miaka gereji hutamani jibu kubwa, akaanza kufungua injini wakati bolti mbili za kofia ya propela zimelegea.

Mifano mingi hapa nimeitoa kwenye RV, ndege za kujijengea za kampuni ya Van's Aircraft ya Oregon, Marekani, kwa kuwa zaidi ya 11,000 zimesharuka na tabia zake zinajulikana kwa undani. Nyingi zina injini ya Lycoming ya silinda nne. Mwenye injini ya Rotax 912 nimemwekea yake pale inapotofautiana.

Ninaloliamini kuliko yote katika kazi hii: usinyooshe kombo kwa kombo. Usukani wa mkia uliokaa upande hautibiwi kwa kukunja eleroni (kibao cha nyuma ya bawa cha kuinamisha ndege upande), na propela isiyo sawa haitibiwi kwa mipira laini zaidi chini ya injini. Ukifanya hivyo, ndege itatulia kwa kasi moja tu, na dosari ya kwanza itabaki humo ndani ikikusubiri.

Kabla ya kushika spana

Jambo la kwanza ni kujua mtetemo unafuata nini: mizunguko ya injini au kasi ya hewa? Panda juu asubuhi hewa ikiwa tulivu, ukiwa na mwinuko wa kutosha juu ya uwanja. Shika kasi moja, sema maili 120 kwa saa. Kwanza ruka usawa, kisha panda kidogo kwa nguvu nyingi zaidi, kisha rudisha throto (mkono wa nguvu za injini) na ushuke kwa kasi ile ile. Mtetemo ukibadilika, tafuta kwenye injini na propela. Ukibaki vile vile hata throto ikiwa imerudishwa, chanzo ni hewa inayopita juu ya kitu fulani.

Andika kila safari: mizunguko, kasi, mwinuko, mafuta kila tangi, nani ameketi wapi. Badilisha kitu kimoja tu kwa safari moja. Nchini Marekani ndege ya kujijengea hupewa saa 25 au 40 za majaribio kabla ya kuruhusiwa kubeba abiria, na kazi hii ni sehemu ya saa hizo. Usizitumie kukusanya namba tu kwenye kitabu.

Onyo la propela, nalo halina mjadala. Magineto, kifaa kinachowasha plagi, hutengeneza umeme wake yenyewe bila betri. Waya wake wa kuizimia ukikatika, inabaki hai hata kama swichi imezimwa, na injini yenye joto yaweza kuwaka kwa kusukumwa kidogo. Kabla ya kuzungusha propela kwa mkono, weka vizuizi kwenye magurudumu, funga mkia, toa plagi moja kila silinda. Kila mara ichukulie kama iko tayari kuwaka.

Dalili: mtetemo unapanda na kushuka na mizunguko

Hii ndiyo inayolalamikiwa zaidi. Sababu, kuanzia ile inayokutwa mara nyingi:

Bolti za propela. Kwenye propela ya chuma, hakikisha zimekazwa kwa spana ya torki kwa namba ya mtengenezaji na zimefungwa waya wa usalama. Kwenye ya mbao, hapa ndipo penye mambo. Mbao hunywa unyevu na kuutoa. Propela iliyofungwa Malindi wakati wa masika ikipelekwa Nanyuki kiangazi hukauka na kusinyaa, na bolti zilizokuwa zimekaza zinalegea bila mtu kuzigusa. Iliyofungwa bara kavu ikishuka pwani huvimba, na mbao iliyo chini ya bamba la kubania huanza kusagika. Kwa hiyo pima torki baada ya safari ya kwanza, pima tena ndani ya saa 25 za mwanzo, kisha kila saa 50 na kila unapohamia hali ya hewa tofauti. Usizidishe ukidhani unajihami. Mbao iliyopondwa hairudi. Ukikuta alama ya kuungua au vumbi jeusi nyuma ya propela inapokutana na flanji (sahani ya injini inayofungiwa propela), propela imekuwa ikiteleza. Ishushe, na usiruke.

Ncha za mapanga. Viwanja vya changarawe hula propela. Pitisha kidole taratibu kwenye makali ya mbele. Tundu ndogo la jiwe kwenye chuma hulainishwa kwa tupa laini kwa vipimo vya kitabu chake. Ufa haupigwi tupa. Propela ya nyuzi za kaboni au glasi ina utaratibu wake, irudishe kwa aliyeitengeneza.

Mapanga hayapiti njia moja. Weka sanduku chini karibu na ncha ya panga, tia alama, zungusha hadi panga la pili lifike pale pale. Kwa propela ya chuma tofauti isizidi milimita 1.6, kwa ya mbao, milimita 3. Ikizidi, kwanza angalia uchafu, rangi au ukucha wa chuma kwenye flanji. Mara nyingi ni hicho tu.

Kofia ya propela. Wajenzi huisahau. Ikiwa imepinda hata kidogo, au bamba lake la nyuma lina ufa kwenye tundu la skrubu, hutikisa kama gurudumu lisilobalansiwa. Iruke bila kofia mara moja ikiwa mtengenezaji anaruhusu. Mtetemo ukiisha, umempata.

Kitu kinagusa boneti. Injini hutembea juu ya mipira yake, zaidi wakati wa kuwasha na kuzima. Fungua boneti utafute sehemu iliyong'aa: bomba la ekzosi, mkono wa kebo, kichwa cha kishikizo. Chuma kikigusa boneti, injini ina njia ya kupeleka mtetemo moja kwa moja kwenye mwili wa ndege na mipira haina kazi tena.

Mipira ya injini. Mipya hulala kidogo saa za mwanzo, na utaona kofia ya propela imeshuka milimita kadhaa chini ya mdomo wa boneti. Hilo ni la kawaida. Kosa halisi ni kuipanga vibaya. Seti nyingi zina mipira ya ugumu wa aina mbili, na mpangilio wa sehemu za juu haufanani na wa chini. Nimeona injini iliyofungwa na fundi hodari kabisa, mipira ya juu imegeuzwa, na miezi miwili ikapotea kwa kupima propela isiyokuwa na kosa lolote.

Ukimaliza hayo yote ndipo ulipie kubalansi propela ikiwa inazunguka. Kipimo hufungwa mbele ya injini na kusoma mtetemo kwa inchi kwa sekunde. Lengo la kazi nzuri ni chini ya 0.2, na ikishuka chini ya 0.07 utaisikia tofauti mgongoni. Usomaji wa kwanza ukivuka 1.2, usikubali mtu aanze kubandika vizito. Propela ishushwe ikabalansiwe ikiwa imesimama, kwa sababu kuna kitu kikubwa hakiko sawa.

Mwombe fundi akuonyeshe mtetemo umegawanyika vipi. Injini ikizunguka mara 2,400 kwa dakika, propela inapiga mara 40 kwa sekunde. Mtetemo wa mara 40 ni wa propela na vizito. Wa mara 20, yaani nusu ya mzunguko, ni wa silinda: kila silinda ya Lycoming huwaka mara moja kwa mizunguko miwili, kwa hiyo silinda moja dhaifu huonekana pale. Wa mara 80 ni mapigo ya kawaida ya silinda nne, na vizito havitauondoa. Kwa Rotax 912 yenye giaboksi ya 2.43, injini ikisoma 5,000 propela inazunguka karibu 2,058 tu, hivyo mpe fundi uwiano huo kabla hajaanza kusoma.

Kuna pia mizunguko iliyokatazwa. Baadhi ya propela za Hartzell za mapanga mawili kwenye injini ya Lycoming O-360 haziruhusiwi kukaa mfululizo kati ya 2,000 na 2,250, kwa kuwa mapigo ya injini na panga hukutana pale na kuchosha chuma. Soma karatasi ya propela yako, uchore alama kwenye geji, na upite eneo hilo bila kukawia.

*Simama, ita fundi:* mtetemo ulioanza ghafla ukiwa angani. Punguza nguvu hadi utulie, nenda kwenye uwanja wa karibu, usijaribu kuufanyia uchunguzi. Vilevile propela iliyogusa ardhi au nyasi hadi mizunguko ikashuka: Lycoming inataka injini ifunguliwe na kukaguliwa ndani, hata kama panga linaonekana zima. Na grisi inayorushwa kutoka kwenye shina la propela ya kubadili pembe ni kazi ya karakana ya propela, si yako.

Dalili: inakohoa chini, laini juu, au kinyume chake

Anza na jaribio la magineto. Lycoming hupimwa karibu 1,800. Kushuka kusizidi 175, na tofauti kati ya magineto mbili isizidi 50. Rotax 912 hupimwa 4,000. Kushuka kusizidi 300, tofauti isizidi 115.

Ikishuka sana na kutikisika, plagi chafu ndiyo ya kwanza kushukiwa. Petroli ya ndege ya 100LL ina madini ya risasi, na injini mpya inayotembezwa sana chini ikiwa na mchanganyiko mzito (mafuta mengi kwa hewa iliyopo) huyapandikiza kwenye plagi. Piga mizunguko 1,800, punguza mafuta ya mchanganyiko hadi karibu kukohoa, acha dakika moja, pima tena. Ikikataa, endesha kwa magineto yenye kasoro nusu dakika, zima, kisha pima joto la mabomba ya ekzosi kwa kipimajoto cha mwanga. Bomba la baridi linakuonyesha silinda yenyewe.

Walio nyanda za juu wakumbuke mwinuko. Wilson, Nairobi, uko karibu futi 5,500 juu ya bahari. Mchanganyiko uliosukumwa hadi mwisho pale ni mzito kupita kiasi, na injini nzima hunguruma kwa shida kabla hata haijaruka. Wapo waliobadilisha kabureta kwa dosari iliyokuwa ya mkono wa mchanganyiko tu.

Injini inayotikisika ikiwa taratibu lakini ikatulia ukiongeza nguvu huenda inavuta hewa kwenye gasketi za mabomba ya kuingiza hewa. Tafuta doa la bluu la rangi ya petroli kwenye maungio. Kwa Rotax, jambo la kwanza ni kulinganisha kabureta mbili: kila moja hulisha silinda mbili, na kebo ikipishana kidogo, nusu moja ya injini huivuta nyingine. Linganisha kwa geji za mvuto, kwanza ikiwa taratibu kisha juu, na usiiache kwenye mizunguko chini ya 1,400, giaboksi huumia.

*Simama, ita fundi:* injini inayotikisika vibaya dakika ya kwanza ya asubuhi kisha ikajinyoosha ikipata joto. Hiyo ni dalili ya vali inayonata. Siku moja haitajinyoosha.

Dalili: inatikisika ikiwa chini

Hapa sababu hazina siri. Upepo wa tairi kwanza, kisha kubalansi tairi, kisha tope lililokauka ndani ya viatu vya magurudumu (vifuniko vyake vya kukata hewa) baada ya uwanja wenye mvua. RV za gurudumu la nyuma zina miguu ya chuma inayonepa, na wengi hupata mtikisiko wa mbele-nyuma zinapopunguza mwendo baada ya kutua. Kushusha upepo kidogo husaidia, na wajenzi wengi wamebandika ubao mgumu nyuma ya mguu, ukafungwa kwa kitambaa cha glasi, chini ya kifuniko chake.

Kwa RV za gurudumu la pua, uma wa gurudumu lazima uwe mgumu kugeuka. Nyanyua pua, funga mizani ya ndoano kwenye ekseli na uvute kwa upande: uma uanze kusogea kwenye kilo 10 hadi 12 hivi. Pete zake za kubania (washa) hujilaza saa za mwanzo, kwa hiyo pima mara nyingi. Mtikisiko wa pua usiendelee nao hata safari moja. Shika fimbo ya kuongozea nyuma, ondoa uzito puani, usimame taratibu.

Dalili: mtetemo unafuata kasi ya hewa

Chanzo cha kawaida ni kitu kilicholegea: kifuniko cha mguu, antena, mlango wa kukagulia mafuta ya injini, ukingo wa kioo cha chumba cha rubani. Bandika mkanda kwenye kila ufa, mmoja kwa kila safari. Mtetemo ukiwa mkiani na unaongezeka ndege ikipunguza mwendo, hewa huenda inachanika kwenye maungio ya bawa na mwili. Bandika vipande vya uzi wa sufu vya sentimita 10, weka kamera, uangalie vinavyozunguka badala ya kulala.

Kuna kimoja ambacho hakitafutwi angani: mpapatiko. Eleveta (kibao cha mkia cha kupandisha na kushusha pua), eleroni au kijibawa cha trimu (kinachopunguza mzigo wa mkono kwenye fimbo) kikianza kupapatika, nguvu huongezeka kwa sekunde chache, na mkia wote waweza kung'oka. Huanza kama mlio au fimbo kuunguruma mkononi. Ukisikia hivyo: throto nyuma mara moja, nyanyua pua kwa upole kupunguza kasi, shika fimbo imara, rudi ukatue. Usirudie kasi ile ili "kuhakikisha".

Chini, kagua kwa mpangilio huu. Kijibawa cha trimu: kishike ukingo, kitikise, mchezo wowote unaouhisi ni mkubwa mno. Fito za usukani na bolti zake. Vizito vya usawa ndani ya eleveta. Na rangi: ndege iliyopakwa rangi baada ya eleveta kubalansiwa ina uzito mpya nyuma ya bawaba, kwa hiyo hubalansiwa upya. Tafuta ribiti zenye kivuli cheusi cha vumbi nyuma yake, zimekuwa zikisugua. Ukikuta moja tu baada ya tukio kama hili, ndege hairuki tena mpaka mkaguzi aione.

Rubani wa nyanda za juu anahitaji kujua jambo la ziada. Kikomo cha kasi cha RV, maili 230 kwa saa kwa RV-7, ni cha kasi halisi, si kile geji inachosoma. Kwenye futi 10,000, geji ikisoma 190, kasi halisi ni karibu 221 siku ya kawaida, na siku ya joto inazidi. Anayeshuka kutoka juu ya Aberdare akidhani ana akiba ya maili 40 anakaribia ukingo bila kujua.

Dalili: gololi haikai katikati

Kabla ya kugusa usukani wa mkia, pima gololi yenyewe, ile ya kwenye geji inayoonyesha kama ndege inaruka kiubavu. Inyooshe ndege kwa timazi ubavu kwa ubavu, utazame. Rafiki yangu mmoja alihangaika wiki tatu na bawa "zito". Eleroni zilishushwa mara mbili. Mwishowe tuliweka timazi na kukuta geji imefungwa imeinama. Alikuwa akiruka kiubavu kila siku kwa kuamini gololi. Skrubu mbili ziliimaliza kesi. Skrini ya umeme nayo huweza kukosea hivi hivi.

Gololi ikiwa sahihi, angalia viatu vya magurudumu na vifuniko vya miguu. Kifuniko kilichopinda digrii mbili ni usukani mdogo chini ya ndege. Viondoe vyote, ruka, linganisha. Ukiona tofauti, vipange upya kwa uzi ulionyooshwa sambamba na mstari wa mwili, ndege ikiwa imenyanyuliwa ili miguu ikae kama inavyokaa angani.

Kilichobaki kitibu kwa kabari. Chonga kabari ndefu ya mti, uibandike kwa mkanda kwenye ukingo wa nyuma wa usukani. Gololi ikikimbilia kulia, ndege inataka usukani wa kulia, kwa hiyo kabari inakaa *kushoto*. Ikate kidogo kidogo hadi gololi itulie kwa kasi unayosafiria zaidi. Ndipo uitengeneze ya kudumu. Kwa kasi nyingine utaendelea kutumia mguu, na ndivyo ilivyo.

Dalili: bawa moja zito

Usiliguse bawa kabla gololi haijatulia. Kisha sawazisha mafuta. RV-7 hubeba galoni 21 kila tangi, na galoni ya petroli ya ndege ina uzito wa karibu kilo 2.7, kwa hiyo tangi moja kushushwa nusu ni kama mtoto wa kilo 28 aliyehamia bawa la pili. Rubani peke yake kwenye kiti cha kushoto pia huvuta kushoto. Pima mafuta yakiwa sawa, na ukiweza na mtu kulia.

Bado? Fuata mpangilio, usiruke hatua.

Flapu kwanza, vibao vya nyuma ya bawa vinavyoshushwa wakati wa kutua. Zikiwa juu kabisa, zote mbili ziwe mstari mmoja na mwili na eleroni zilizo katikati. Flapu iliyokaa chini milimita mbili hunyanyua bawa lake saa zote.

Eleroni kwenye bawaba zake. Weka rula iliyonyooka juu ya ngozi ya bawa ipite hadi kwenye eleroni, kulia na kushoto, karibu na kila bawaba. Eleroni moja ikikaa juu au chini kuliko mwenzake hata milimita moja unusu, hilo peke yake linatosha kulifanya bawa kuwa zito. Hubadilishwa kwenye bano la bawaba, nalo huchukua jioni nzima, lakini ndiko kutibu chanzo.

Umbo la eleroni. Ngozi yake iwe bapa toka boriti hadi ukingo wa nyuma. Iliyovimba karibu na ukingo hufanya fimbo kuwa nyepesi mno na yenye kuvutia upande.

Baada ya hayo tu ndiyo unafika kwenye kubana ukingo. Mafundi wa RV hubana mkunjo wa nyuma wa eleroni ya bawa *jepesi*, si la zito. Wengi hukosea hapa. Ukingo ukiwa mkali zaidi, eleroni ile hupanda kidogo angani, bawa lake hushuka, na eleroni ya upande mzito husukumwa chini na kulinyanyua. Tumia vipande viwili vya ubao na koleo pana, bana kwa upole urefu wote, ruka, rudi. Milimita hazionekani kwa macho lakini mkono utazihisi. Ukizidisha, mkunjo hufunguliwa kwa kugonga kipande cha mti taratibu, ila ngozi ya alumini haipendi kukunjwa mara nyingi.

*Simama:* bawa likihitaji zaidi ya nusu ya mwendo wa fimbo, au likizama ghafla unapopunguza kasi, hilo si suala la trimu. Pembe za mabawa mawili huenda hazifanani. Ita mtu mwenye kipimo cha digrii na uzoefu, mpime bawa dhidi ya bawa kabla ndege haijaruka tena.

Dalili: pua inataka kupanda au kushuka, trimu imefika mwisho

Uzito kabla ya vyote. Ipime upya kwa mizani, kwa sababu betri iliyohamishwa, propela nyingine au rangi ya mkia hubadilisha kitovu cha uzito. Kikiwa nje ya mipaka, hakuna trimu itakayosaidia. Na kikiwa nyuma mno, ndege inakuwa hatari kuliko inavyohisi mkononi.

Kikiwa ndani, angalia kwamba eleveta mbili ziko mstari mmoja, kisha kwamba kijibawa cha trimu kinapata mwendo kamili wa juu na chini ulioandikwa kwenye michoro. Mara nyingi mota au kebo imefungwa ikiwa haiko katikati, na nusu ya mwendo imepotea upande mmoja. Hatua ya mwisho ni pembe ya bawa la mkia, inayorekebishwa kwa vipande vyembamba vya chuma chini ya vishikizo vyake. Kazi hiyo hufanywa na mkaguzi akiwa amesimama kando yako, na kila bolti husainiwa.

Trimu ya umeme nayo ijaribiwe ikikimbia. Ukiwa chini, bonyeza swichi hadi mwisho huku umeshika fimbo. Je, unaweza kuizuia kwa mkono mmoja? Je, fyuzi ya kuikata ipo mahali unapofikia bila kutazama? Kwa maili 180 kwa saa mota ya haraka husogeza pua kabla hujajua nini kimetokea. Wengine huweka kipunguza mwendo, na mimi naona kila RV yenye trimu ya umeme inapaswa kuwa nacho tangu safari ya kwanza.